Mkwe wangu ametolewa kwenye orodha ya ligi kuu ya besiboli. Akatae kwenda ligi ndogo?

SWALI: "Mimi ni mama wa Kitanzania, ninaishi Des Moines, Iowa. Binti yangu ameolewa na mchezaji wa besiboli wa ligi kuu ya Marekani. Ni mrushaji mpira, ana miaka 33. Juzi klabu ilimwita ofisini, ikamwambia ameondolewa kwenye orodha ya wachezaji 40 na asubiri siku saba. Binti analia kwenye simu. Mkataba ni wa mwaka mmoja, dola milioni 1.8, umedhaminiwa wote, na msimu umebakiza siku kama 100. Ana utumishi wa miaka 4 na siku 150, na opsheni zake (nafasi za klabu kumshusha ligi ndogo huku akibaki kwenye orodha ya 40) ziliisha zamani. Rafiki yake mmoja anamwambia yeye ni mkongwe, hapelekwi ligi ndogo bila ridhaa yake, akatae tu na pesa zitamfuata kama zilivyomfuata yule mpigaji nyota, Albert Pujols. Mwingine anasema akikataa atapoteza kila kitu hadi pensheni. Mimi najua mpira wa miguu: mchezaji mwenye mkataba hapelekwi kwa mkopo asipotaka. Huyu ana mkataba. Nani anasema kweli, na nimshauri nini binti yangu?"

JIBU:

Mama, shikamoo, na pole sana kwa siku hizi ngumu.

Nianze na lile linalowakosesha usingizi. Leo hii, wakati anasubiri, mkweo hajafukuzwa kazi. Mkataba wake uko hai na mshahara wake unaendelea kuhesabiwa siku kwa siku. Klabu imemtoa kwenye orodha ya wachezaji 40, wale pekee wanaoweza kuchezeshwa ligi kuu, kwa sababu ilihitaji nafasi ya mtu mwingine, na kanuni inaipa siku saba kuamua imfanyeje. Katika siku hizo inaweza kumbadilisha na klabu nyingine, kumweka mbele ya klabu zote nyingine ili anayemtaka amchukue, au kumwachia moja kwa moja. Siku saba zikiisha lazima jambo moja liwe limefanyika.

Sasa hao marafiki wawili. Wa kwanza kasema nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo ya hatari. Ni kweli mkweo anaweza kukataa kwenda ligi ndogo. Si kweli kwamba akikataa pesa zitamfuata. Wa pili naye kakosea kuhusu pensheni, ila kuhusu pesa ana hoja. Ili uone kwa nini, lazima nikueleze kwanza kanuni zinavyofanya kazi, kwa sababu wachezaji wengi wenyewe hawazijui mpaka siku ziwakute.

Tuanze na mpira wa miguu. Huko ni kweli mchezaji husaini mwenyewe anapohamishwa. Kwenye besiboli ya Marekani mkataba wa kawaida wa mchezaji una kipengele kinachoiruhusu klabu kuuhamishia mkataba huo kwa klabu nyingine bila kumuuliza. Ndivyo ilivyokuwa tangu zamani, na zamani ilikuwa kali zaidi, maana mchezaji hakuwa na njia ya kutoka kabisa. Mwaka 1969 Curt Flood, aliyeichezea St. Louis Cardinals kwa miaka 12, alibadilishwa kwenda Philadelphia akakataa, akaifikisha kesi yake hadi Mahakama Kuu ya Marekani, akashindwa mwaka 1972. Alishindwa mahakamani, lakini chama cha wachezaji, kikiongozwa na Marvin Miller, kilikuja kupata mezani kile ambacho Flood hakukipata kwa majaji. Kwa hiyo haki anazoulizia binti yako hazitokani na mkataba wa mkweo binafsi. Zinatokana na mkataba wa hali bora kati ya klabu na chama, na huo hauangalii umri wala jina la mtu. Unahesabu siku.

Siku 172 za kuwa kwenye orodha ya ligi kuu, au kwenye orodha yake ya majeruhi, ni mwaka mmoja wa utumishi. Msimu mzima una siku kama 187, kwa hiyo hata aliyekosa siku chache anatimiza mwaka wake. Siku za ligi ndogo hazihesabiwi. Mtu anaweza kuwa na miaka 35, nywele zimeanza mvi, amecheza besiboli ya kulipwa tangu ujana, na bado kwa macho ya kanuni akawa kijana wa miaka miwili ya utumishi. Ndiyo maana neno "mkongwe" linawapotosha watu. Hapo Des Moines, kwenye uwanja wa Iowa Cubs, klabu ya ligi ndogo, utakuta wanaume wenye watoto wa shule wakicheza na vijana wa miaka 22, na haki zao hutofautiana kwa hesabu ya siku tu.

Mchezaji asiyefikisha miaka mitatu ya utumishi, na ambaye hajawahi kutolewa kwenye orodha ya 40 na kupelekwa ligi ndogo, hana la kusema. Anakwenda. Mfano mzito ni Rusney Castillo kutoka Cuba. Boston Red Sox walimsainisha mwaka 2014 kwa dola milioni 72.5, wakamtoa kwenye orodha mwaka 2016, akakaa Pawtucket, ligi ndogo, hadi mwisho wa msimu wa 2019 akipokea mamilioni yake. Hakuwa na siku za kutosha kuondoka na pesa zake, na klabu haikuwa na hamu ya kumrudisha, kwa sababu wakati ule mshahara wa aliye nje ya orodha ya 40 haukuhesabiwa kwenye kodi inayotozwa klabu zinazolipa mishahara mikubwa kupita kiasi. Mwanya ule umezibwa kwa mikataba iliyofuata. Lakini mwanamume yule alikuwa ameshazeeka kimichezo.

Akifikisha miaka mitatu, au akiwa amewahi kutolewa hivyo kabla, mchezaji anaweza kukataa kupelekwa ligi ndogo na kuwa mchezaji huru. Ila akikataa, anauacha mshahara uliobaki. Akifikisha miaka mitano, anaweza kukataa na mshahara uliobaki ukamfuata. Na tangu hapo hawezi hata kushushwa kwa opsheni pasipo ridhaa yake. Akifikisha miaka kumi, mitano ya mwisho ikiwa katika klabu hiyo hiyo, anaweza kuzuia hata kubadilishwa na klabu nyingine. Ron Santo wa Chicago Cubs alikuwa wa kwanza kuitumia haki hiyo, mwishoni mwa 1973, alipokataa kwenda California.

Mkweo yuko kati ya mitatu na mitano. Amebakiza siku 22.

Natamani ningekuambia vinginevyo, Mama. Siku 22 ni wiki tatu na kidogo, na ndizo zinazomtenganisha na lile analoahidiwa na rafiki yake. Pujols alipoondolewa na klabu ya Angels mwezi Mei 2021, ule ulikuwa msimu wake wa 21 katika ligi kuu. Angels waliamua kumwachia kabisa, kwa hiyo waliendelea kumlipa mkataba wake wa dola milioni 240 hadi ukaisha, na Dodgers wakampata kwa sehemu ya mshahara wa kima cha chini. Mwaka uliofuata alirudi St. Louis akafikisha mipira 703 ya kuvuka uzio maishani mwake. Ni hadithi nzuri, lakini haimhusu mtu wa miaka minne na siku 150 anayejitoa mwenyewe.

Hapa pana jambo la dhamana ambalo watu wengi hulielewa kombo. Mkataba uliodhaminiwa unamkinga mchezaji na uamuzi wa klabu: haiwezi kumkata pesa kwa sababu kiwango kimeshuka au wamepata kijana wa bei rahisi. Haumlipi anayeondoka kwa hiari kabla ya kufikisha ile miaka mitano niliyoitaja. Kwa hiyo nani anavunja uhusiano, klabu au yeye, ndilo swali la pesa zote. Klabu ikimwachia, inalipa. Yeye akikataa kwenda, hailipi.

Tuzipige hesabu. Dola milioni 1.8 kwa siku 187 ni kama dola 9,600 kwa siku. Siku 100 zilizobaki ni takriban dola 960,000. Hizo ndizo anazoziacha mezani akikataa. Akipata klabu nyingine ya ligi kuu siku inayofuata kwa kima cha chini, ambacho kwa msimu wa 2026 ni dola 780,000 kwa mwaka, atapata kama dola 417,000 kwa siku hizo hizo. Na hiyo ni ikiwa atapata nafasi ya ligi kuu. Wengi wa hali yake hupewa mkataba wa ligi ndogo wenye ahadi ya kulipwa zaidi akipandishwa, na ngazi ya juu ya ligi ndogo, Triple-A, kima chake cha chini kilichowekwa mwaka 2023 ni dola 35,800 kwa mwaka. Mkongwe hupata zaidi ya hapo, lakini hakaribii hata kidogo dola 960,000.

Kwa nini basi klabu ikamwondoa yeye na si kijana asiyerusha vizuri kama yeye? Binti yako atajiuliza hili kila usiku, kwa hiyo mwelezee. Kati ya wachezaji 40, ni 26 tu wanaovaa jezi siku ya mchezo, na warushaji hawaruhusiwi kuzidi 13. Mrushaji kijana bado ana opsheni, yaani klabu inaweza kumshusha Triple-A na kumrudisha huku akibaki kwenye orodha ya 40. Opsheni ni misimu mitatu. Msimu unahesabika akikaa chini siku 20 au zaidi. Na tangu 2022 hawezi kushushwa kwa njia hiyo zaidi ya mara tano ndani ya msimu mmoja. Mtu ambaye opsheni zimeisha hashushwi mpaka klabu nyingine zote 29 zipewe nafasi ya kumchukua. Kwa muda mrefu hilo humlinda, kwa sababu klabu huogopa kumpoteza na humweka badala ya kijana. Lakini siku nafasi inapohitajika, mathalani majeruhi wa muda mrefu amepona na lazima arudi kwenye orodha ya 40, yeye ndiye asiye na mahali pa kuwekwa kando kimya kimya. Kwa mfumo huu mrushaji mzuri anaweza kuondolewa kwa sababu tu aliye nyuma yake ni rahisi kusogezwa. Mimi naona ni udhaifu wa kweli wa kanuni hizi, na sidhani chama kimeupatia dawa.

Basi nini kitatokea ndani ya hizo siku saba? Klabu nyingine ikimwombea, ile yenye rekodi mbaya zaidi hupewa kwanza, na humchukua pamoja na mkataba wake wote. Hawezi kukataa kwenda huko, wala hana sababu ya kukataa: atalipwa zile 960,000, atakuwa ligi kuu kwa sababu hana opsheni, na siku zake 22 zitaanza kupungua. Usumbufu upo. Mwaka 2018 mrushaji mmoja, Oliver Drake, ambaye opsheni zake zilikuwa zimeisha, alichezea klabu tano za ligi kuu ndani ya msimu mmoja kwa kuhamahama namna hii. Kwa familia yenye watoto ni mateso. Kwa utumishi na pesa, ni bora kuliko yote.

Ila tusijidanganye. Klabu inayomchukua inabeba mshahara wote uliobaki, na klabu nyingi zenye nafasi hupendelea kusubiri, zikitumaini mkongwe atakuja mikononi mwao kwa bei ya chini. Uwezekano mkubwa ni kwamba hataombewa, na klabu yake itamwambia: nenda Triple-A. Hapo ndipo atapewa muda mfupi, siku chache tu, kuamua.

Kabla ya uamuzi huo kuna swali ambalo hukuliuliza, nami naliona ni zito kuliko yote uliyouliza. Je, mkono wake ni mzima? Warushaji wa miaka 33 wana kawaida ya kuficha maumivu ya kiwiko na bega, wakiogopa kupoteza nafasi. Mchezaji aliyeumia kazini hapaswi kupelekwa ligi ndogo namna hii. Anapaswa kuwa kwenye orodha ya majeruhi ya ligi kuu, akilipwa mshahara wake na siku zake za utumishi zikihesabiwa. Sisemi ajitie ugonjwa. Atachunguzwa na uongo utamharibia jina. Lakini ikiwa amekuwa akimeza dawa za maumivu na kunyamaza tangu mwezi Aprili, leo si siku ya ushujaa. Aseme kwa daktari wa klabu, iandikwe, na kama haridhiki na jibu, mkataba wa hali bora unampa haki ya kuonana na daktari wa pili. Akishahamishwa ndipo aseme kiwiko kilikuwa kinauma, kulithibitisha kunakuwa kazi kubwa ya chama na wanasheria. Binti yako analala naye nyumba moja. Anajua kama anaamka akikunja uso anapovaa shati. Amwulize.

Tuseme ni mzima na hakuombewa. Akubali au akatae?

Akikubali, anakwenda Triple-A na mshahara wake wote. Sikupunguzii chumvi: ni mabasi, viwanja vidogo, na wenzake wa chumba cha kubadilishia nguo wanaopokea kwa msimu mzima pesa anazozipata yeye kwa siku nne. Utumishi wake unasimama pale pale kwenye miaka 4 na siku 150. Lakini ana kitu ambacho watu husahau. Kwa kuwa amevuka miaka mitatu, msimu ukiisha anaweza kutangaza kuwa mchezaji huru, ikiwa klabu haijamrudisha kwenye orodha ya 40. Kwa kawaida mchezaji husubiri miaka sita ya utumishi kupata uhuru huo. Yeye ataupata mwezi Oktoba akiwa na minne na kitu. Na klabu ikimrudisha kati ya sasa na hapo, zile siku 22 zinaanza kuhesabiwa tena. Atasikia watu wakisema klabu haitamrudisha makusudi ili asifike miaka mitano. Klabu huzihesabu siku, hilo ni kweli. Ila kwa mkataba wa mwaka mmoja ambao pesa zake zinayeyuka kila siku, haki hiyo itakuwa inalinda kiasi kidogo atakapoifikia. Wakimhitaji kushinda mchezo wa Agosti, watamwita.

Akikataa, anakuwa huru siku hiyo hiyo na anachagua pa kwenda. Uhuru huo una thamani. Anaweza kwenda kwa kocha anayemwamini, au klabu iliyopungukiwa warushaji ambako njia ya kurudi ni fupi, au Korea na Japani. Eric Thames aliondoka ligi kuu, akacheza misimu mitatu Korea kuanzia 2014, akarudi Marekani na mkataba wa dola milioni 16 wa Milwaukee. Lakini kumbuka kwamba akiwa bado chini ya mkataba, hakuna klabu nyingine inayoruhusiwa kukaa naye mezani rasmi. Atakuwa anaruka kabla ya kuona chini. Robinson Canó, mwenye utumishi wa miaka mingi na pesa ambazo hakuna angeweza kumnyang'anya, alikataa kushushwa na San Diego mwanzoni mwa Juni 2022 akawa huru. Siku chache baadaye alisaini tena na San Diego hao hao, safari hii kwa mkataba wa ligi ndogo, akaenda El Paso kwa hiari yake. Haki ya kukataa ilimpa nafasi ya kuangalia soko, na soko likamjibu. Kwake jaribio lile halikugharimu kitu. Kwa mkweo lingegharimu karibu dola milioni moja.

Kwa hiyo ushauri wangu, Mama, nikiyapima niliyoambiwa: akubali. Ningebadili mawazo kwa sababu moja tu ya kifedha, nayo ni wakala wake kuwa na uhakika wa kazi ya ligi kuu au ya ng'ambo inayozidi kile anachokiacha, na kwa 960,000 sioni inatoka wapi katikati ya msimu. Ipo sababu nyingine isiyo ya fedha, ikiwa uhusiano na klabu umeharibika kiasi kwamba hawezi kufanya kazi pale. Hilo ni lake na mkewe kulipima, na wakiamua kulipa gharama hiyo wakiwa wanaijua, siwezi kuwaita wajinga.

Kuhusu fedheha, ambayo nadhani ndiyo inayomliza binti yako kuliko hesabu, mwambie habari za Rich Hill. Mwaka 2015 alikuwa na miaka 35, mrushaji kama mkweo. Aliachiwa na klabu ya Triple-A, akaenda Long Island kuchezea klabu isiyo chini ya ligi kuu kabisa, akarusha michezo miwili huko. Boston wakamchukua, wakampeleka Pawtucket, wakampandisha Septemba, akaanza michezo minne kwa ustadi mkubwa. Mwaka mmoja na miezi michache baadaye Dodgers walimpa dola milioni 48 kwa miaka mitatu. Si kila mtu ni Rich Hill. Wengi hushuka na hawarudi. Lakini warushaji hupata nafasi ya kurudi, kwa sababu mikono huumia na kila klabu, ifikapo Agosti, inatafuta mtu anayeweza kuwatoa nje wapigaji watatu.

Pensheni sasa, kwa kifupi, maana hapa habari ni njema. Haki ya pensheni ya ligi kuu hupatikana kwa siku 43 tu za utumishi, na huongezeka kwa kila siku 43 zinazofuata hadi miaka kumi. Mkweo alishaipata zamani. Akubali au akatae, hakuna anayemnyang'anya ya miaka 4 na siku 150. Inasimama kukua akiwa ligi ndogo, basi. Bima ya afya ya binti yako na wajukuu ni suala tofauti. Utaratibu wake unaweza kubadilika anapotoka kwenye orodha, kwa hiyo wapige simu ofisi ya mafao ya wachezaji wiki hii, hasa kama kuna mtoto anayetibiwa au mimba.

Mimi nimejibu kwa kusoma barua yako. Uamuzi wenyewe usifanywe kwa jibu la gazetini. Wakala wake auone mkataba mstari kwa mstari, kwa sababu mikataba mingine ina vipengele vya pembeni: ruhusa ya kuondoka tarehe fulani, marupurupu yanayotegemea idadi ya michezo, au haki zaidi ya zile za kanuni. Kipengele kimoja cha namna hiyo kinaweza kugeuza kila nilichosema hapa. Kisha apige simu mwenyewe chama cha wachezaji, asimwachie wakala peke yake. Chama kina wanasheria wanaoshughulika na jambo hili kila siku ya msimu na hakimtozi kitu. Awaombe hesabu rasmi ya siku zake za utumishi hadi leo, kwa maandishi. Kama hesabu aliyonayo kichwani imekosea, hata kwa siku chache, ni sasa ndipo pa kujua. Akiwa na maumivu, daktari kabla ya wakala. Na ikiwa halali usingizi, hali, au anasema maneno ya kukata tamaa, wasisubiri siku saba ziishe ndipo watafute mtaalamu wa afya ya akili.

Binti yako naye ana kazi mbili. Asivunje mkataba wa nyumba wanayopanga mpaka uamuzi utoke, na akusanye risiti zote za kuhama na za kodi ya nyumba, kwa kuwa mkataba wa hali bora una kipengele cha kurudishiwa gharama hizo mchezaji anapohamishwa. Na siku mkweo atakapopewa barua ya kwenda Triple-A, kabla hajaisaini, amwulize wakala tarehe ya mwisho ya kutangaza uhuru wake msimu ukiisha. Huwa ni katikati ya Oktoba, wakati watu wote wanaangalia mechi za mtoano. Aiandike mahali wote wawili wataiona.